Kabla Hujanyoosha Mkono Kuhusu Makato ya Kahawa, Wasikie Wakulima wa Cheri

Leo sizungumzii mbolea wala kupogoa. Nazungumzia makato.

Juma lililopita nilipita kwenye ghala la chama cha msingi kimoja hapa kwetu Mbinga kuangalia kitalu. Ukutani palikuwa na tangazo la mkutano mkuu, na ajenda ya nne imeandikwa kwa kalamu nyekundu: pendekezo la makato mapya, shilingi 60 kwa kila kilo ya kahawa kavu. Shilingi 40 ni za kitalu na majaribio ya miche, 20 ni za kutangaza kahawa yetu. Nilikuwa bado nalisoma, mzee mmoja akaniuliza, "Bwana shamba, na haya nayo mmeyaleta ninyi?" Nikamwamkia, nikamwambia mimi sikuyaleta. Akacheka. "Mshahara wako wa serikali, na jibu lako litakuwa la serikali."

Sikumjibu pale pale. Najibu hapa, na nitasema wazi ninachofikiri, maana ukileta kilo 500 ghalani, hayo makato ni shilingi 30,000. Kwa wengi wenu hiyo ni sare ya shule ya mtoto mmoja na chenji ya daftari.

Kwanza tutenganishe mambo, kwa sababu kwenye stakabadhi yote yanaonekana kama kidonda kimoja. Ushuru wa mazao ni wa halmashauri. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kisheria anayeulipa ni mnunuzi, ingawa wewe na mimi tunajua bei inayokufikia imeshahesabu hilo. Ushuru wa chama ni wa kuendesha chama: katibu, mlinzi, magunia, umeme. Mkopo wa pembejeo ni deni lako mwenyewe, usilalamike unapokatwa. Halafu kuna hili la nne, fedha ambayo wakulima wa zao moja wanachanga ili wafanye kazi ambayo hakuna mmoja wao anaiweza peke yake: utafiti na kutafuta soko. Hili la nne ndilo la kwenye tangazo, na ndilo tunalolielewa kidogo kuliko yote.

Naelewa pia kwa nini tunalichukia. Baba yangu alilima kahawa katika wilaya nyingine, sitaitaja. Misimu mitano mfululizo alikatwa fedha ya "mfuko wa miche". Stakabadhi zote alizihifadhi kwenye kopo la biskuti. Siku alipokwenda kuuliza miche, aliambiwa mfuko ulikuwa wa uongozi uliopita. Hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyeeleza. Baba hakung'oa kahawa, lakini hakupanda mche mwingine hadi alipofariki. Kopo ninalo. Kwa hiyo mtu akiniambia makato ni wizi, sina haraka ya kumbishia.

Ila nimesoma habari za wakulima wa tunda liitwalo cheri, na zimenifanya niwaze tofauti kidogo. Sisemi buni mbivu tunayoipeleka kwenye mashine ya kumenyea, ambayo wengine nao wanaiita cheri. Nasema tunda la nchi za baridi, dogo, jekundu, tamu, lenye kokwa moja ndani. Mti wake unahitaji baridi kali ndipo uchanue vizuri, kwa hiyo usije ukaniomba miche. Zao hili lina roho nyepesi mno. Mvua ikinyesha matunda yakiwa yameiva, ngozi yanapasuka na hayauziki. Katika jimbo la Washington, Marekani, wapo wakulima wanaokodi helikopta iruke juu ya miti kupukusha maji. Helikopta! Sisi tunalalamikia bei ya turubai la kuanikia.

Tena cheri haisubiri. Kahawa yako ikikauka vizuri inakaa ghalani ikingoja mnada. Mahindi unayawekea dawa ukangoja bei. Cheri inaiva ndani ya wiki chache za kiangazi, na ikishachumwa inahesabiwa kwa siku. Shamba lote la bonde linakwenda sokoni kwa pamoja. Kama maduka ya mbali hayajaambiwa mapema mzigo unakuja lini na ni kiasi gani, bei inaanguka, na mengine yanabaki kuoza. Hakuna mkulima mmoja mwenye ekari zake kumi anayeweza kupanga soko la namna hiyo, wala kumlipa mtaalamu wa kutafuta dawa ya ugonjwa mpya.

Ndiyo maana wanachanga. Jimbo la Washington lina tume ya matunda tangu mwaka 1947, na tume nyingine ya utafiti wa miti ya matunda tangu 1969. Wanaokaa kwenye tume hizo ni wakulima wenyewe na wanaofungasha matunda. Mchango unahesabiwa kwa uzito wa mzigo, na unakusanywa pale mzigo unapopita kwa wafungashaji, kama ghalani kwetu. Kwa upande wa soko, wakulima wa cheri wa majimbo matano, yaani Washington, Oregon, Idaho, Utah na Montana, wanatangaza kwa jina moja la Northwest Cherry Growers. Mwenye miti hamsini na mwenye miti elfu hamsini wanapeperusha bendera ile ile.

Sasa sikiliza sehemu iliyonifanya nikae kuandika.

Mwaka 2011 wakulima wa matunda wa Washington waliulizwa kama wako tayari kukatwa makato maalumu, juu ya yale ya kawaida, kwa ajili ya chuo kikuu cha jimbo lao, Washington State University. Jumla ingefika dola milioni 32 kwa miaka 8. Walipiga kura kila zao kivyake. Wakulima wa tufaha na pea wakakubali, sehemu yao ilikuwa dola milioni 27. Wakulima wa cheri na wenzao wa matunda ya kokwa wakakataa. Hapana ikawa hapana. Hawakukatwa. Kazi ikaanza kwa fedha za tufaha na pea. Mwaka 2013 wakaulizwa tena, na mara hii wakakubali, ndipo ile jumla ya milioni 32 ikatimia.

Hebu yatazame hayo kwa macho ya mzee wangu wa ghalani. Waliulizwa kabla ya kukatwa. Walikuwa na nafasi ya kukataa, na walipokataa kukataa kwao kuliheshimiwa. Makato yalikuwa na ukomo unaojulikana, miaka 8. Na fedha haikumwagwa kwenye akaunti ya matumizi ya kila siku. Iliwekwa kama mtaji wa kudumu, chuo kinatumia faida yake huku mtaji wenyewe unabaki. Sehemu ya faida hiyo inalipia watu wa kupeleka matokeo ya utafiti mashambani, maana yake maafisa ugani. Hapo nakiri nilitabasamu peke yangu. Siku nikisikia wakulima wa Mbinga wamepiga kura ya kuninunulia mafuta ya pikipiki, nitajua dunia imegeuka.

Nchini Australia wana utaratibu mwingine wenye jambo moja la kuiga. Mkulima wa cheri anakatwa senti 7 za dola yao kwa kilo. Kwa fedha yetu ni shilingi mia moja na ushee, kwa hiyo hizi 60 zetu siyo ajabu ya dunia, ingawa kilo ya cheri na kilo ya kahawa haziuzwi bei moja. Senti hizo 7 zimegawanywa kabla hazijakusanywa: fungu la utafiti, fungu la masoko, na fungu dogo la kulinda afya ya mimea. Fungu moja haliruhusiwi kula la mwenzake. Na kwenye fungu la utafiti, serikali inaongeza kiasi sawa na kilichochangwa, hadi kikomo kilichowekwa kisheria. Mkulima akiweka dola moja, serikali inaweka dola moja. Kwenye masoko haiongezi kitu. Hoja yao ni kwamba utafiti unamnufaisha kila mtu, tangazo linamnufaisha anayeuza.

Kwa nini utafiti hauwezi kuachwa kwa kila mtu na shamba lake? Huko Washington kuna magonjwa mawili ya cheri yanayofanya tunda libaki dogo, limepauka, halina utamu. Yanaenezwa na wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, na mti ukishaugua hauna tiba, unang'olewa. Sasa fikiri jirani yako ana miti kumi inayoumwa na hataki kung'oa. Mdudu haulizi mpaka wa shamba. Ukipulizia wewe peke yako unapoteza fedha. Anayehitajika ni mtu wa kujua mdudu anajificha wapi, mti unapimwaje kabla haujaonyesha dalili, ung'olewe lini. Kazi hiyo inachukua miaka, na akiimaliza majibu anayapata kila mtu, aliyechanga na asiyechanga. Hapo ndipo mchango wa hiari unapovunjika. Kila mmoja anangoja mwenzake atoe.

Ndugu zangu, sisi tunalijua hilo vizuri sana. Kagera wakulima wameng'oa na kuchoma mibuni kwa ajili ya mnyauko fuzari. Hapa Mbinga hakuna asiyeijua chulebuni, wala kutu ya majani. Miche ya vikonyo inayostahimili magonjwa hayo mawili haikudondoka kutoka mbinguni. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ilianza kazi mwaka 2001 pale Lyamungo, Kilimanjaro, kwa makubaliano kwamba wadau wa kahawa wenyewe waichangie kupitia makato ya kahawa inayouzwa. Kituo chake cha karibu nasi kipo Ugano, wengi wenu mmefika. Mwenye vikonyo leo anapunguza gharama ya kupulizia kwa kiasi ambacho mwenye miti ya zamani anakiona msimu kwa msimu. Huo ni mfano wa makato yaliyorudi shambani, hata kama mkulima aliyekatwa hakujua.

Na anayeuza kahawa ikiwa bado mtini, ile biashara ya Kagera wanayoiita butura na ndugu zetu wa korosho wana kangomba yao, huyo anakwepa makato yote. Miche akija kuihitaji anapanga foleni kitaluni kama wengine. Ndugu mfanyabiashara, nisamehe nikikutaja hapa, lakini unajua ninachosema. Unanunua kwa bei ya njaa mwezi wa pili, na kilo hizo hazionekani kwenye daftari la mchango wa mtu yeyote. Kahawa ikiugua, na wewe mzigo wako unapungua.

Hadi hapa utadhani ninawapigia debe shilingi 60 zote. Sivyo.

Shilingi 20 za kutangaza zinanipa shaka, na huko huko Washington kuna sababu ya kuwa na shaka. Wakulima wa tufaha wa jimbo hilo walikuwa na tume yao ya kutangaza tangu 1937, maarufu kweli kweli. Baadhi ya wakulima waliona wanalazimishwa kulipia matangazo yanayowachanganya na washindani wao wakati wao wanataka kutangaza matunda yao wenyewe. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2003 jaji akasema kumlazimisha mkulima kulipia tangazo asilolitaka ni kuvunja haki yake ya kusema au kunyamaza. Tume ikapunguza wafanyakazi wengi, matangazo ya ndani ya nchi yakakoma. Ona tofauti: huwezi kumlazimisha mtu kwa urahisi asifie anachokiuza jirani yake.

Kwa cheri, tangazo la pamoja lina mantiki, maana zao linaiva kwa mkupuo na mnunuzi wa mwisho analila kama lilivyo, anaona cheri ni cheri. Kahawa yetu siyo hivyo. Inakaangwa mbali, inachanganywa na ya nchi nyingine, na mnunuzi wa mnadani haangalii bango, anaangalia sampuli na kikombe. Kwa hiyo nikiulizwa, zile 20 zisiende kwenye fulana na mabango na safari za maonyesho. Kama ni za kuonjesha kahawa kila lundo kabla ya mnada, ili tujue daraja letu na tusidanganywe, hapo tuzungumze. Tangazo la ukutani halisemi ni zipi kati ya hizo. Mpaka liseme, mimi ningekataa fungu hilo.

Zile 40 za kitalu ningezikubali, lakini si kwa namna lilivyoandikwa lile tangazo.

Jambo la korosho limetufundisha. Nitasema kwa uangalifu, nina mkuu wa idara. Kulikuwa na tozo ya korosho ghafi inayosafirishwa nje, na sheria ilisema asilimia 65 inarudi kwenye tasnia yenyewe, utafiti na pembejeo zikiwemo, na asilimia 35 inakwenda Hazina. Mwaka 2018 sheria ya fedha ikabadilishwa, yote ikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walilipinga sana bungeni. Kila upande ulikuwa na hoja zake, na si kazi yangu kuwahukumu. Ninachokiona mimi wa huku chini ni hiki: mkulima wa korosho hakupiga kura fedha ile ilipoanzwa kukusanywa, wala haikuhitajika kura yake ilipohamishwa. Fedha ambayo huna mkono kwenye kuianzisha, huna mkono pia ikiondoka.

Kwa hiyo kwenye mkutano, msikubali kupitisha ajenda ya nne kwa makofi. Ombeni kura ya siri, na mafungu mawili yapigiwe kura tofauti, miche peke yake na matangazo peke yake. Chama kiandike kwenye muhtasari kwamba makato ya miche ni ya misimu mitatu, yanakufa yenyewe hadi mkutano uyafufue. Fedha ikae akaunti yake, isichanganywe na ya kuendesha chama, na mmoja wa watia saini awe mwanachama asiye kwenye bodi. Mtu atasema hiyo ni kutoaminiana. Ndiyo, ni kutoaminiana. Kopo la baba yangu limejaa watu walioaminiana.

Jambo moja zaidi ambalo watu hulisahau: makato ya shilingi kadhaa kwa kilo hayajui bei. Kahawa ikiuzwa 8,000 hayaumi, ikishuka hadi 3,000 yanauma. Pendekezeni yawe asilimia ndogo ya bei, au yawe na kikomo msimu wa bei mbaya. Katibu atasema ni ngumu kuhesabu. Ana simu yenye kikokotoo.

Na mkikubali, dai la kwanza la msimu ujao liwe ripoti ukutani, pale pale lilipobandikwa tangazo: kilo ngapi zilikatwa, shilingi ngapi zimeingia, miche mingapi imeota, mingapi imekufa, nani kaipata. Iliyokufa iandikwe pia. Kitalu kisicho na miche iliyokufa ni kitalu cha kwenye karatasi. Chama kikishakuwa na hesabu safi ya namna hiyo, mimi mwenyewe niko tayari kuandika barua kwa halmashauri kuomba sehemu ya ule ushuru wa asilimia 3 iongezwe juu ya mchango wenu, shilingi kwa shilingi, kama wanavyofanya Australia kwenye utafiti. Siahidi watakubali. Lakini barua bila hesabu siwezi hata kuianza.

Mzee wangu wa ghalani, kama mjukuu wako anakusomea haya: sijasema ukubali, na sijasema ukatae. Wakulima wa cheri walikataa 2011, wakakubali 2013, na nchi haikuanguka mara zote mbili.

Mkutano ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, uwanja wa ghala. Kadi ya uanachama lazima, bila kadi hupigi kura. Njooni na stakabadhi za msimu uliopita ili tupige hesabu pamoja kabla ajenda ya nne haijafikiwa. Nitafika saa tatu, nitakaa chini ya mwembe ule wa karibu na mizani.